Nafasi 80 kwa Mwaka Mmoja: Kisa cha Universiti Malaya na Magazeti

Novemba 2004 gazeti la kila wiki la London, Times Higher Education Supplement, lilichapisha kwa mara ya kwanza orodha yake ya vyuo vikuu 200 bora duniani. Liliiandaa pamoja na kampuni ya Quacquarelli Symonds, ile inayojulikana zaidi kwa kifupi chake, QS. Universiti Malaya ya Kuala Lumpur ilishika nafasi ya 89. Universiti Sains Malaysia, yenye makao yake Penang, ilikuwa ya 111. Orodha ya pili ilipotoka Oktoba 2005, Universiti Malaya ilikuwa ya 169, na Sains Malaysia haikuonekana kabisa kwenye 200 za mwanzo.

Kati ya orodha hizo mbili hakuna lililotokea chuoni ambalo lingeeleza anguko la nafasi 80. Walimu, maabara, maktaba na wanafunzi walikuwa karibu wale wale. Kilichobadilika ni kipimo. Lakini habari iliyomfikia msomaji wa Malaysia ilikuwa kwamba chuo kimeporomoka, na habari hiyo ikawa na matokeo mazito kuliko orodha yenyewe.

Universiti Malaya si chuo cha pembeni. Kilianzishwa mwaka 1949 huko Singapore, na tawi lake la Kuala Lumpur likawa chuo kamili kinachojitegemea mwaka 1962. Ndicho chuo kikuu mama cha nchi, kama Makerere ilivyo kwa Uganda. Kwa hiyo nafasi ya 89 ilipotangazwa, ilipokelewa kama ushindi wa taifa. Makamu mkuu wa chuo wakati huo, Hashim Yaacob, msomi wa tiba ya meno, aliagiza mabango makubwa ya kutangaza kwamba UM imeingia katika vyuo 100 bora vya dunia, na bango moja likawekwa ukingoni mwa chuo, likitazama barabara kuu.

Mwaka mmoja baadaye mabango hayo yakawa ushahidi dhidi yake. Magazeti yalimkalia kooni. Kiongozi wa upinzani bungeni, Lim Kit Siang, alilivalia njuga suala hilo. Muda wa makamu mkuu ulipokwisha mwaka 2006, serikali haikumwongezea. Nafasi yake ikachukuliwa na Rafiah Salim, mwanamke wa kwanza kuongoza chuo kikuu cha umma nchini humo.

Kipimo chenyewe

Orodha ya 2004 ilijengwa kwa vigezo vitano. Nusu nzima ya alama, asilimia 50, ilitokana na maoni ya wanataaluma: waliulizwa vyuo gani ni bora katika fani zao. Asilimia 20 ilitokana na idadi ya mara ambazo machapisho ya chuo yametajwa na watafiti wengine, ikigawanywa kwa idadi ya walimu. Asilimia 20 nyingine ilikuwa uwiano wa walimu na wanafunzi. Zilizobaki 10 ziligawanywa mafungu mawili: 5 kwa sehemu ya walimu wanaotoka nchi za nje, na 5 kwa sehemu ya wanafunzi wanaotoka nje.

Waliojibu dodoso la maoni mwaka ule walikuwa takribani 1,300 katika nchi 88. Gawanya, utapata wastani wa watu kama 15 kwa nchi. Hao ndio walioshikilia nusu ya alama za kila chuo. Mhariri yeyote anayepokea kura ya maoni ya uchaguzi huuliza kwanza waliohojiwa walikuwa wangapi na walipatikana wapi. Orodha ya vyuo ilipita mlangoni bila swali hilo.

Mwaka 2005 mambo mawili yalibadilishwa. La kwanza lilikuwa wazi: maoni ya wanataaluma yalishushwa hadi asilimia 40, na zile 10 zilizopungua wakapewa waajiri, waliohojiwa kwa mara ya kwanza. La pili lilikuwa marekebisho ya kosa, na ndilo kiini cha kisa hiki.

Nani ni mgeni?

Malaysia ina Wamalay, Wachina na Wahindi, na wote hao ni raia. Wengi wa Wachina na Wahindi hao babu zao walizaliwa pale pale. Katika hesabu za 2004, raia wenye asili ya China na India waliingizwa katika safu ya wageni. Mwalimu aliyezaliwa Ipoh, akasoma Kuala Lumpur, akabeba pasi ya Malaysia, akawa "mwalimu wa kigeni" kwa sababu ya asili yake. Ni sawa na kumchukua Mhindi wa Mombasa au wa Dar es Salaam ambaye familia yake iko pale tangu enzi za reli, ukamwandika kuwa mwanafunzi kutoka ng'ambo.

Chuo chenye mchanganyiko wa watu kama ule kikipimwa hivyo, alama zake za wageni hupaa. Mwaka 2005 hesabu ilisahihishwa na alama zikarudi pale zilipostahili kuwa tangu mwanzo. Kwa maneno mengine, nafasi ya 89 haikuwa ya kweli. Habari kubwa ya Oktoba 2005 ilikuwa kwamba orodha ya 2004 ilikosea. Hiyo ndiyo ilistahili ukurasa wa mbele.

Tena kosa hili lilikuwa rahisi kuonekana kutoka Kuala Lumpur kuliko kutoka London. Jedwali lililochapishwa lilionyesha alama za kila kigezo, si nafasi ya jumla peke yake. Mwandishi wa elimu anayeijua Universiti Malaya angeiona safu ya wageni, akajiuliza wageni wote hao wako bweni gani. Simu moja kwa msajili kuuliza wangapi wanasoma kwa kibali cha mwanafunzi wa kigeni ingetosha kuonyesha kwamba hesabu haikai sawa. Ujuzi uliohitajika ulikuwa wa kienyeji, nao waandishi wa kienyeji walikuwa nao. Waliuweka kando kwa sababu jedwali lilitoka London.

Asilimia 10 inawezaje kusogeza nafasi 80?

Hapa ndipo wengi hukwama, pamoja na wahariri. Kama wageni ni asilimia 10 tu ya alama, anguko kubwa hivyo linatoka wapi?

Kwanza, alama katika kila kigezo hupangwa kwa kulinganisha na vyuo vingine, si kwa kuhesabu vichwa. Chuo kinachoongoza huwekwa juu kabisa, vingine hupangwa chini yake. Pili, na hili ndilo kubwa, vyuo havijapangwa kwa umbali sawa. Kileleni kuna nafasi kubwa kati ya chuo na chuo. Ukishuka hadi nafasi ya 80 na kuendelea, vyuo hubanana kama abiria wa daladala saa kumi na moja jioni: alama moja tu inaweza kubeba vyuo kumi au kumi na tano.

Chukua mfano wa kubuni. Tuseme alama ya chuo kwa walimu wa kigeni ilikuwa 50 kati ya 100, na baada ya kusahihishwa ikawa 10. Imepungua 40, kwa uzito wa asilimia 5, jumla ya chuo inapungua alama 2. Tuseme kwa wanafunzi wa kigeni ilitoka 40 hadi 6. Imepungua 34, na kwa uzito wa asilimia 5 ni alama 1.7. Jumla chuo kimepoteza alama 3.7 kati ya 100. Machoni ni kidogo. Lakini kama katika eneo hilo la orodha kila alama ina vyuo 15, alama 3.7 ni vyuo 55 vinavyokupita. Na hapo hatujagusa kura mpya ya waajiri, wala uzito wa wanataaluma uliopunguzwa, wala vyuo vipya vilivyoongezwa kwenye hesabu mwaka wa pili.

Mwandishi akishaifanya hesabu hii mara moja tu kwa kalamu na karatasi, hataandika tena "nafasi 80" kana kwamba ni mita 80 za kuanguka kutoka ghorofani. Nafasi ni foleni. Alama ndiyo kipimo. Mtu anaweza kupitwa na watu themanini bila yeye kurudi nyuma hatua kubwa.

Vitenzi vya vichwa vya habari

Kiswahili cha magazeti kina hazina ya vitenzi kwa habari hizi: chuo chapaa, chaporomoka, chaibuka kidedea, chaburuza mkia, chatamba, chapigwa kumbo. Ni vitenzi vizuri vya michezo, na huko vinafaa, kwa sababu timu iliyoshuka kwenye msimamo wa ligi imecheza na imefungwa, na sheria za ligi ni zile zile kutoka Agosti hadi Mei. Kwenye orodha ya vyuo sheria hubadilika kati ya msimu na msimu, wakati mwingine katikati ya mechi.

Angalia sarufi ya sentensi "Chuo chaporomoka nafasi 80". Kiima ni chuo, na kitenzi ni cha kutenda. Msomaji anaelewa kwamba chuo kimefanya jambo, au kimeshindwa kufanya jambo. Katika kisa hiki mtenda alikuwa mwandaaji wa orodha: ndiye aliyehesabu vibaya, ndiye aliyesahihisha, ndiye aliyebadilisha uzito. Sentensi ya kweli ingemtaja yeye kwanza. Ndiyo maana sisi tunasisitiza kitenzi cha kutendwa katika aya ya kwanza, ingawa wahariri wengi hukikata kwa kuwa hakina nguvu: chuo kimewekwa nafasi ya fulani na fulani. Kinamrudisha mpimaji ndani ya habari.

Hivi ndivyo aya ya kwanza ya Oktoba 2005 ingeweza kuandikwa, kwa maneno yasiyozidi yale ambayo gazeti lolote humpa mwandishi:

"Universiti Malaya imewekwa nafasi ya 169 katika orodha ya mwaka huu ya Times Higher na QS, mwaka jana iliwekwa ya 89. Waandaaji wamebadilisha namna ya kuhesabu wageni na wameongeza maoni ya waajiri, hivyo nafasi hizo mbili hazikutokana na kipimo kimoja. Mwaka jana raia wa Malaysia wenye asili ya China na India walihesabiwa kuwa wageni."

Mhariri anayetaka mvuto hakosi mvuto hapo. Raia kuhesabiwa wageni katika nchi yao ni habari moto kuliko nafasi 80.

Dawati la habari lingefanya nini

Orodha hizi kwa kawaida hutumwa kwa vyombo vya habari mapema, kwa sharti la kutochapisha kabla ya saa iliyopangwa. Muda huo wa kusubiri ndio wa kazi, na kazi ina mpangilio.

Fungua maelezo ya vigezo kabla ya jedwali. Andika uzito wa mwaka huu na wa mwaka jana kwenye safu mbili, ukalinganishe mstari kwa mstari. Kama kuna mstari hata mmoja uliotofautiana, neno "kutoka" na neno "hadi" hayawezi kutumika bila maelezo ndani ya sentensi ile ile. Usiyaweke maelezo hayo aya ya tisa. Ukurasa ukijaa, mhariri hukata kutoka chini.

Kisha tazama chuo kimesogea kwenye kigezo gani. Nafasi ya jumla haitakuambia. Safu za vigezo zitakuambia. Kigezo kimoja kikiruka sana na vingine vikakaa palepale, shuku hesabu kabla ya kushuku chuo. Vyuo havibadiliki hivyo. Kuajiri walimu 100 wa kigeni huchukua miaka, na machapisho huchukua muda mrefu zaidi kuanza kutajwa.

Hatua ya tatu ni fomu. Takwimu za walimu, wanafunzi na wageni mara nyingi hutumwa na chuo chenyewe. Omba idara ya mipango nakala ya kilichojazwa, na uulize swali moja la wazi: mgeni hapa ni nani, ni kwa pasi au kwa asili? Ukipata jibu la mdomo, omba namba iliyoandikwa. Ofisa uhusiano hatoshi kwa hili. Yeye hupokea matokeo, hajazi fomu.

Mwisho, soma jirani. Kama vyuo vingine vya nchi hiyo hiyo vimesogea upande ule ule kwa mkupuo, chanzo karibu kila mara kiko nje ya vyuo. Sains Malaysia iliyotoka ya 111 na kupotelea nje ya 200 mwaka ule ule ilikuwa kengele iliyolia kwa sauti.

Kuna jambo moja lisilopendeza ambalo tunalazimika kulisema. Kosa la 2005 lilianza 2004. Nafasi ya 89 ilipotoka, hakuna aliyetaka kuichunguza, kwa sababu ilikuwa njema. Gazeti lililochapisha picha za sherehe bila swali lilikuwa tayari limekubali kwamba kipimo ni halali, na mwaka uliofuata likakosa pa kusimama isipokuwa kumgeukia makamu mkuu. Uhakiki wa habari mbaya ni rahisi. Uhakiki wa habari njema ndio unaohitaji mhariri mwenye msimamo, hasa pale chuo hicho hicho kinaponunua matangazo ya kurasa nzima wakati wa mahafali na udahili.

Sura hiyo hiyo katika magazeti yetu

Afrika Mashariki kisa hiki hujirudia kwa mavazi mengine, na vazi la kawaida ni Webometrics. Orodha hiyo ilianzishwa na maabara ya Cybermetrics ya baraza la utafiti la Hispania, CSIC, na kwa miaka mingi imekuwa ikitolewa mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Januari na mwishoni mwa Julai. Kila ikitoka, hukosi kusoma kwamba chuo fulani "chaongoza kwa ubora" Kenya au Tanzania. Kwa vigezo vya miaka ya karibuni, asilimia 50 ya alama ni mitandao ya nje inayounganisha kwenye tovuti ya chuo, 40 ni machapisho yaliyo miongoni mwa asilimia 10 yanayotajwa sana katika fani zake, na 10 ni kutajwa kwa watafiti wanaoongoza wa chuo. Ufundishaji haumo. Na kuna mtego: chuo kikibadilisha anwani ya tovuti yake, viungo vya zamani hubaki vikielekea anwani iliyokufa, na nafasi yaweza kuanguka vibaya bila mwalimu hata mmoja kuondoka. Habari ya kweli hapo iko kwa fundi wa tovuti.

Mtego mwingine ni makundi. Times Higher Education, ambayo iliachana na QS mwaka 2009 na sasa ina orodha yake, huviweka vyuo vya chini kwenye makundi kama 1001–1200 na 1201–1500. Chuo kilichohama kutoka kundi la kwanza kwenda la pili kinaweza kuwa kimesogea nafasi chache tu. Kuandika kwamba "kimeshuka nafasi 300" ni kosa, na kuhesabu kwa kidole ndani ya kundi ili kupata nani wa kwanza ni kosa zaidi, kwa maana ndani ya kundi hakuna wa kwanza. Tena orodha yenyewe imenenepa: toleo la 2016 lilikuwa na vyuo 800, la 2024 lilikuwa na 1,904. Kwa hiyo chuo kilichokuwa 601–800 wakati ule na leo kiko 801–1000 huenda hakikushuka. Waliojiunga ni wengi.

Baada ya 2006

Malaysia haikupumzika. Mwaka 2006 Universiti Kebangsaan, chuo kingine cha umma cha nchi hiyo, iliwekwa ya 185. Mwaka 2007 ikawekwa ya 309. Universiti Malaya yenyewe ilitoka 192 hadi 246, na nchi nzima ikakosa chuo ndani ya 200. Mwaka huo waandaaji walikuwa wamebadilisha hifadhi ya takwimu za machapisho, wamebadilisha namna ya kukokotoa alama, na wamewazuia wanataaluma kukipigia kura chuo chao wenyewe. Singapore nayo iliguswa: chuo chake cha taifa kilitoka 19 hadi 33. Ukisoma mabadiliko hayo kwanza, namba za pili hazikushtui.

Juni 2023 QS ilibadilisha uzito tena, kwa toleo lililoitwa la 2024. Maoni ya wanataaluma yalishushwa kutoka asilimia 40 hadi 30, uwiano wa walimu na wanafunzi kutoka 20 hadi 10, waajiri wakapandishwa hadi 15, na vigezo vitatu vipya vikaingia kwa asilimia 5 kila kimoja. Berkeley ya Marekani ikatoka 27 hadi 10, Melbourne ya Australia kutoka 33 hadi 14. Universiti Malaya ilitoka 70 hadi 65. Aliyetaka kujua nafasi hizo tano zimetoka wapi alihitaji kuziweka alama za matoleo mawili bega kwa bega na kuanza na vigezo ambavyo uzito wake haukuguswa: kutajwa kwa machapisho, walimu wa kigeni, wanafunzi wa kigeni.